Tusimsingizie Shetani kwa Hesabu Tulizokataa Kupiga



Ndugu yetu anapopoteza fedha zake kwa uamuzi usio na kichwa wala miguu, husikika kauli mbili. Yeye mwenyewe husema, "Shetani alinipitia." Majirani husema, "Wajinga ndio waliwao." Katika tafakari ya juma hili tunapenda kusema wazi kwamba kauli zote mbili ni za uongo, na kwamba uongo huo unaziangamiza familia zetu.

Tukumbuke mwaka 2009. Kampuni iliyoitwa DECI iliwaalika Watanzania "kupanda" fedha na "kuvuna" maradufu baada ya muda mfupi. Watu wa kila hali, wenye elimu na wasio nayo, walipanga foleni. Serikali iliusimamisha mchezo huo mwaka huohuo, na mwaka 2013 mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, iliwatia hatiani baadhi ya viongozi wake. Tazameni maneno yenyewe: kupanda, kuvuna. Yameazimwa kutoka Maandiko Matakatifu. Tamaa ikivishwa nguo za Jumapili, nani ataitambua?

Upatu wa namna hiyo hauna shamba wala kiwanda. Anayelipwa leo hulipwa kwa fedha ya aliyeingia jana. Tuseme kila mwanachama anahitaji wapya 6 nyuma yake ili avune. Sita huhitaji 36, nao 36 huhitaji 216. Ngazi ya kumi peke yake inadai watu 60,466,176. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 katika Tanzania nzima, pamoja na watoto wachanga. Ukijumlisha na ngazi zilizotangulia, nchi imekwisha watu na mavuno hayajafika. Hesabu hii ni ya kuzidisha tu, tuliyofundishwa shule ya msingi. Kwa nini basi hatukuipiga?

Hatukuipiga kwa sababu jirani alikuwa amekwisha kulipwa, tukaliona bati jipya juu ya nyumba yake. Bati la jirani hushawishi kuliko hesabu. Wala hili si gonjwa la maskini wasiosoma. Isaac Newton, aliyekokotoa mwendo wa sayari, alinunua hisa za kampuni ya South Sea ya Uingereza, akaziuza kwa faida. Kisha akawaona wenzake wakizidi kutajirika, akarudi kununua bei ikiwa juu, na mwaka huohuo wa 1720 akapata hasara kubwa. Kama huo ni ujinga, tumtafute mwerevu wapi?

Tena tunaogopa mno kupoteza. Wataalamu wawili, Daniel Kahneman na Amos Tversky, walieleza mwaka 1979 kwamba uchungu wa kupoteza hutuelemea kuliko furaha ya kupata kiasi kilekile. Ndiyo maana kijana aliyeliwa katika kubeti haachi, bali huongeza dau ili "arudishe" zilizokwenda. Ndiyo maana mama aliyebanwa na mkopo wa kausha damu hukopa wa pili ili alipe wa kwanza. Nasi mapadre tusijitoe. Ni mara ngapi tumeanza ujenzi bila kuhesabu gharama, kisha, msingi ulipotushinda, tukawaongezea waamini michango kwa sababu tu tulikuwa tumekwisha kutumia nyingi?

Hatimaye kuna aibu. Tunaahidi mchango mkubwa wa harusi mbele ya kamati huku ada ya mtoto haijalipwa, kwa kuwa kamati inatutazama na mwalimu mkuu hatuoni.

Katika yote haya akili haikukosekana. Moyo uliamua kwanza, kisha akili ikaitwa kama wakili wa kuutetea. Esau alijua thamani ya haki yake ya mzaliwa wa kwanza. Lakini alikuwa na njaa, na pembeni yake palikuwa na mwenye chungu cha dengu aliyejua kwamba ana njaa.

Kwa hiyo, anayemsingizia shetani hajatubu. Amewasilisha malalamiko tu. Asipoitaja tamaa, hofu au aibu yake kwa jina, itamrudisha palepale mwakani. Naye anayemcheka aliyeibiwa anamfunga mdomo. Aliyetapeliwa akinyamaza kwa kuogopa kuchekwa, anayefuata hatapata wa kumwonya. Kicheko chetu ni sehemu ya mtaji wa tapeli.

Tufanye nini? Mtakatifu Inyasi wa Loyola alifundisha kwamba wakati wa ukiwa wa roho tusibadili yale tuliyokusudia tulipokuwa na utulivu. Nasi tuongeze ya nyumbani kwetu. Kabla ya kutia sahihi, tulale usiku mmoja. Tumwambie mwenzi wetu wa ndoa. Jambo tunalomficha yeye limekwisha kujihukumu. Tumwulize mtu asiyepata chochote tukikubali wala tukikataa. Tuandike hesabu kwenye karatasi, maana kichwani kila shilingi huzaa. Na yeyote akituambia, "Mwisho ni leo, kesho nafasi zimejaa," hata kama ameshika Biblia, tumwache aende zake.

Wapo miongoni mwetu waliopoteza kiwanja, au akiba ya uzeeni, na hadi leo hawajawaambia wake au waume zao. Ndugu zetu, semeni juma hili. Nanyi mtakaoambiwa, msicheke.

Mungu atujalie moyo mtulivu na akili isiyokubali kuwa mtumwa wa moyo huo. Tumsifu Yesu Kristo!