Mandawa isijifunze kwa kuangukiwa: barua ya wazi

Kwa Mkurugenzi,
Idara ya Menejimenti ya Maafa,
Ofisi ya Waziri Mkuu, Dodoma.

YAH: MAFUNDI WA VIJIJINI NA SOMO LA KAGERA

Ndugu Mkurugenzi,

Jumamosi ya Septemba 10, 2016, saa 9:27 alasiri, ardhi ya Kagera ilitikisika. Tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliua watu 17 nchini, likajeruhi mamia na kuangusha nyumba zaidi ya 2,000. Nyumba nyingine maelfu zilibaki zimesimama lakini hazilaliki. Kassim Majaliwa, wakati huo Waziri Mkuu na Mbunge wa Ruangwa, alifika Bukoba kuwafariji wafiwa. Kata ya Mandawa iliyomo katika jimbo hilo iko pembe nyingine kabisa ya nchi, na habari za vifusi vile ilizisikia kwa mbali.

Umbali huo si kinga. Usiku wa Agosti 12, 2020, tetemeko la ukubwa wa takriban 6 lilitokea chini ya Bahari ya Hindi, na wakazi wa Dar es Salaam wakateremka maghorofani mbio.

Kilichoponza nyumba nyingi za Kagera kinafahamika kwa kila fundi: tofali lililounganishwa kwa udongo, kona zisizoshikana, ukuta usio na lenta, yaani mkanda wa zege na nondo, ya kuuzunguka wote. Ardhi ikisukuma kushoto na kulia, kila ukuta hucheza kivyake. Nyufa huanzia kwenye pembe za madirisha, kisha ule ukuta wa pembetatu chini ya paa hulala chini. Nyumba ya fito iliyokandikwa vizuri hunesa, ingawa nayo fito zikiliwa na mchwa haina lake. Vijiji vya Ruangwa na Nachingwea navyo vinahama kutoka kwenye fito kwenda kwenye tofali la kuchoma na bati. Ni maendeleo, ila tofali bila lenta ni mzigo uliopangwa juu ya vichwa vya watu.

Januari 2017, Rais John Magufuli aliwaambia wananchi wa Bukoba kwamba Serikali itarejesha miundombinu ya umma, haitamjengea kila mtu nyumba yake. Shule ya Sekondari Ihungo ilijengwa upya kwa msaada wa Uingereza. Wenye nyumba walirudi kwenye tofali lao. Kauli ilikuwa wazi, lakini ilikuja karibu miezi minne baada ya kuta kuanguka. Kama mwananchi ndiye atakayejijengea, basi stadi ya kujenga imfikie kabla ya tetemeko.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inaweka kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji. Idara yako inaombwa kuzipa kamati hizo kazi tatu: kuhesabu na kukagua nyumba, madarasa na zahanati sasa, kuwakutanisha mafundi wa kata na mhandisi wa halmashauri wafunge lenta moja kwa mikono yao huku wengine wakitazama, na kubandika kwenye ofisi ya kijiji maelezo ya msaada gani utatolewa, kwa nani, na nani atauhakiki.

Fedha ya ufuta huingia katikati ya mwaka, na ya korosho miezi ya mwisho. Hapo ndipo tanuri huwashwa na misingi huchimbwa. Mhandisi akifika Mandawa kabla ya mnada wa kwanza wa ufuta, atawakuta mafundi bado hawajapewa kazi.