Baridi ya Mutomo Haina Shahidi

UKOKO WA JUNGU
Na Kanini Musyoka

Mwambie mtu wa Limuru kwamba vidole vinakuuma kwa baridi, atakusogezea kigoda karibu na jiko. Mwambie mtu wa Mutomo maneno hayo hayo, atakugusa shingo aone kama una malaria. Huku Kitui Kusini tuna haki ya kulalamikia jua, vumbi, ndovu wa Tsavo na mapipa makavu. Anayelalamikia baridi huonekana ana lake jambo.

Basi mimi ninalo langu.

Julai iliyopita nilifika sokoni kabla ya saa moja asubuhi. Kati ya Juni na Agosti mawingu huweza kufunika Ukambani tangu alfajiri hadi adhuhuri, na hushuka ile mbevo, kama tunavyoiita baridi kwa Kikamba. Haikuwa ya kutisha. Wauzaji wengi walikuwa wamejitanda leso moja tu begani. Nilikuwa nikihesabu pesa za nyanya, sarafu ya kumi ikaanguka, ya ishirini ikaifuata, nami sikuhisi kitu kikiniponyoka. Nikageuza kiganja. Kidole cha kati na cha pete vilikuwa vimekuwa na rangi ya mshumaa kuanzia nchani hadi kiungo cha pili, na mpaka kati ya palipo na damu na pasipo na damu ulikuwa umenyooka kana kwamba umepigwa rula. Kidole gumba kilikuwa kizima, kama kawaida yake. Mama wa nyanya akanishika mkono anisaidie, akauachilia upesi.

"Mwaitu," akasema, "huu si mkono wa mtu aliye hai."

Kisha akacheka, akachukua kikombe cha chai cha jirani yake bila kuomba ruhusa, akanifumbatisha.

Rangi ya mshumaa ikageuka zambarau kuzunguka kucha, halafu wekundu ukaja, na hapo ndipo uchungu ulipoanza. Watu hudhani kinachouma ni baridi. Kwangu huuma zaidi damu inaporejea, kama siafu waliomwagwa chini ya kucha. Nilisimama pale kama robo saa na nyanya zangu, nikijifanya nasubiri mtu.

Hali hii ina jina. Mwaka 1862 daktari kijana wa Ufaransa, Maurice Raynaud, aliandika tasnifu mjini Paris kuhusu wagonjwa ambao vidole vyao vilikufa ganzi na kubadilika rangi, na mpaka leo madaktari huiita kwa jina lake. Huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, mara nyingi huanza ujanani, na kwa wengi wetu haina ugonjwa mwingine uliojificha nyuma yake. Mishipa midogo ya vidoleni ina woga, basi. Baridi kidogo ikipita, au hata fadhaa, inajifunga kama duka lililosikia fujo.

Mwili wowote hufanya hivyo kwa kiasi fulani. Ukihisi baridi, damu huvutwa ndani kulinda joto la moyo, ini na ubongo, na vidole ndivyo vinavyokatiwa kwanza. Ndiyo maana glavu peke yake hazitoshi. Nilimaliza miaka nikinunua glavu za mitumba na kuzivaa mbili mbili, huku kifua kiko wazi. Siku hizi naanza na fulana ya ndani, sweta, kisha kofia. Kiwiliwili kikishiba joto, mikono nayo hupewa chake. Wala baridi si lazima iwe kali. Kinachoiamsha mishipa hii mara nyingi ni mabadiliko ya ghafla: utoke kwenye jua la saa saba, utie mkono ndani ya friji ya duka kutoa soda, na upatwe na kile ambacho hakikukupata usiku kucha. Joto letu halitukingi. Wakati mwingine ndilo linalotutegea mtego.

Tena kuna ngozi. Picha nyingi za vitabu vya udaktari ni za mikono ya watu weupe, ambayo ikikosa damu kila mtu anaona. Mgongo wa mkono wangu ukikosa damu huonekana tu una ukavu, na nimeshaambiwa mara nyingi nipake mafuta. Geuza kiganja, tazama kucha, hapo ndipo ushahidi ulipo. Na kwa kuwa ukifika kwa daktari mikono itakuwa imesharudi hali yake, ipige picha kwa simu uliyo nayo mfukoni wakati shambulio linaendelea. Daktari aliyenielewa kuliko wote alielewa kwa picha tatu zilizopigwa jikoni.

Wanaonielewa bila picha ni vijana wa bodaboda. Tangu barabara ya kutoka Kibwezi kupita hapa hadi Kitui iwekwe lami, mwendo umeongezeka, na mwendo ni upepo. Saa kumi na moja alfajiri kijana anashika usukani wa chuma, breki imo vidoleni mwake, na vidole havimsikii. Wengine wameshona mifuko ya kitambaa kizito kwenye usukani, mikono ikae ndani. Wengine hutandaza gazeti kifuani chini ya jaketi, na nina hakika ni gazeti hili, ingawa sijui kama hulisoma kwanza. Wote wako sahihi. Akina mama wanaochota maji kwenye mchanga wa Mto Tiva alfajiri hawana usukani wa kufunika, lakini wana leso: kausha mikono kabisa kabla ya kushika kamba ya punda. Mkono uliolowa ukipigwa na upepo hupoa maradufu.

Halafu wapo wa mawe. Kitui Kusini ina mawe ya chokaa, na kila mara tunaambiwa utajiri unakuja. Mwaka 1918 daktari wa Marekani, Alice Hamilton, alikwenda Bedford, jimbo la Indiana, kuwatazama wachongaji wa mawe ya chokaa waliofanya kazi kwa nyundo zinazoendeshwa kwa hewa. Alikuta vidole vyao vikigeuka vyeupe asubuhi za baridi, hasa vya mkono ulioshika patasi. Mtetemo wa mashine ulikuwa umeiharibu mishipa. Shirika la Kazi Duniani limeyaweka magonjwa ya mtetemo katika orodha yake ya magonjwa ya kazini, na hapa Kenya tuna sheria mbili za mwaka 2007, moja ya usalama na afya kazini na nyingine ya fidia, ambazo zinamjali pia anayeugua kwa sababu ya kazi, si aliyevunjika mguu pekee. Kijana anayeshikilia mashine ya kutoboa miamba, akianza kuona vidole vyeupe, aseme akiwa bado kazini na aandikiwe. Akishaondoka, ataambiwa alizaliwa hivyo.

Lakini kilichonifanya nishike kalamu wiki hii ni miguu ya shangazi yangu.

Shangazi ana sukari, na kwa miezi kadhaa alikuwa akisema miguu ina baridi. Mchana, jua likiwaka, yeye miguu ina baridi. Tukasema tunachosema wote: damu haitembei. Tukamvalisha soksi mbili. Mjukuu akapewa kazi ya kumsugua. Jioni moja akasogeza kigoda karibu na mafiga, akanyoosha miguu, akasinzia. Kilichomwamsha hakikuwa uchungu. Ilikuwa harufu. Soksi ilikuwa imeungua na kushikana na ngozi ya kidole kidogo, naye anatutazama akiuliza ni nani ameacha kitambaa motoni.

Muuguzi aliyemhudumia hakutugombeza, ingawa tulistahili. Aliweka mgongo wa mkono wake juu ya mguu mzima, kisha akaniita nami niweke wangu. Mguu ulikuwa na joto. Ulikuwa na joto kuliko mkono wangu, jambo ambalo kusema kweli si ajabu. Akatafuta mpigo wa damu juu ya unyayo, akaupata. Kisha akatoa kauzi ka nailoni kagumu, akamwambia shangazi afumbe macho na aseme "naam" kila anapoguswa. Alimgusa nyayoni, kidole kwa kidole. Shangazi alikaa kimya akisubiri tuanze.

Damu ilikuwa inatembea. Aliyedanganya ni mjumbe. Sukari inapokaa juu miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu ya miguu, nayo hupeleka habari za uongo: baridi pasipo na baridi, moto pasipo na moto, sindano, ganzi. Mguu wa namna hiyo hauhitaji jiko, maana hauwezi kukuambia jiko limekaribia mno.

Sasa mchukue jirani wa shangazi, naye akisema vilevile kwamba miguu yake ina baridi. Huyu ukimgusa ni baridi kweli, mpigo juu ya unyayo hauonekani, na akipanda kilima shavu la mguu humbana mpaka asimame. Akipumzika kidogo, huachia. Mishipa yake mikubwa imeziba, kwa sigara, kwa presha, kwa sukari au kwa vyote pamoja. Kwake damu ndiyo haifiki, na kidonda kidogo cha moto kinaweza kukataa kupona mpaka kidole kikatwe. Watu wawili, sentensi moja, maradhi mawili, na Mutomo nzima ina dawa moja: msogezeeni makaa.

Maji ya moto hayachomi nyumba, wahenga walisema. Hawakusema lolote kuhusu miguu. Kama ni lazima kuosha kwa maji ya moto, yapime kwa kiwiko kama unavyopima ya mtoto mchanga, na mwenye kupima awe mtu mwingine, si mgonjwa. Viatu visibane. Soksi ziwe kavu na zisiwe na mpira unaochora duara mguuni. Akala nazipenda, lakini mguu usio na hisia ndani ya akala hukanyaga mwiba asubuhi ukagunduliwa Jumapili.

Wazee watanikasirikia kwa hili linalofuata. Mbaki, yaani ugoro, si tiba ya baridi. Nikotini huibana mishipa ya damu, na haijali imeingia kwa moshi, kwa pua au chini ya mdomo. Joto unalohisi kichwani, vidole vimelilipia. Muguka na miraa navyo hubana mishipa. Mei 2024 kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipopigana na muguka wa Embu tulibishana wiki nzima kuhusu vijana, kodi na siasa; kuhusu mishipa sikusikia mtu akitaja.

Dawa nazo zitazamwe. Miaka iliyopita, katika kliniki moja jijini Nairobi, nilipewa propranolol kwa ajili ya maumivu ya kichwa. Hakuna aliyeniuliza kuhusu mikono, nami sikujua kwamba inahusika. Mwezi ule vidole vilikufa hata nikiosha vyombo. Dawa za kundi hilo, atenolol ikiwemo, huweza kuzidisha ubaridi wa mikono na miguu. Usiziache mwenyewe, kwa kuwa moyo haupendi kushtukizwa. Rudi kwa uliyempa habari nusu umpe nusu ya pili. Iko pia dawa ya presha, nifedipine, inayolegeza mishipa, ambayo daktari anaweza kumwandikia mtu mwenye hali kama yangu mashambulio yakizidi. Na mwanamke anayehisi baridi mwili mzima, amechoka, amenenepa bila sababu, apimwe damu na tezi la shingo kabla hajanunua sweta la tatu.

Asiyepaswa kungoja ni huyu: vidole vya mkono mmoja tu vinabadilika rangi, au ncha zina vidonda, au ngozi ya mikono imekazana kama ya ngoma, au hali imemwanzia akiwa mtu mzima wa miaka arobaini na kuendelea. Na mguu ukipoa ghafla, ukapauka, ukauma kupita kiasi, hiyo si kesi ya kesho. Una saa chache. Tafuta gari usiku huo huo.

Mutomo si jangwa la tiba. Tuna hospitali ya misheni iliyoanzishwa na masista waliotoka Ireland, nchi ambako soksi huvaliwa hata Agosti. Tena Septemba 2023 serikali iliwakabidhi wahudumu wa afya ya jamii, wapatao laki moja nchini, mikoba ya kazi, na ndani yake mna kipima sukari na kipima presha. Mmoja wao yuko kijijini kwako. Pengine mnaimba naye kwaya. Mwite nyumbani ampime mama. Akisema vibanzi vya kupimia sukari vimekwisha, mpeleke mama zahanati wiki hiyo hiyo.

Na usiku wa leo, kabla hujamsogezea jiko, mvue soksi. Weka mgongo wa mkono wako juu ya mguu wa kulia, halafu wa kushoto. Mulika kwa tochi ya simu katikati ya vidole na chini ya kisigino. Ukikuta mguu mmoja ni baridi kuliko mwenzake, au kidonda ambacho mwenyewe hakujua anacho, kesho shamba lisubiri. Nendeni hospitali.