Kabla ya Kuwa Mkalimani wa Kujitegemea

Wasomaji wa Louisville, Columbus na Buffalo mnaniuliza swali lilelile: nitaanzaje kazi ya ukalimani? Miji hii mitatu ina familia nyingi kutoka Kongo, Burundi na Somalia zinazoongea Kiswahili. Kazi ipo. Lakini mara nyingi ni ya kujitegemea: hakuna mshahara wa mwezi, hakuna likizo, na kodi ni juu yako.

Kwanza, lugha peke yake haitoshi. Mama wa Nairobi akisema mtoto ana homa, huenda anasema mafua tu; wa Dar es Salaam anamaanisha mwili una joto. Mkalimani asiyeuliza anampotosha daktari, na anayeumia ni mtoto. Soma kozi ya ukalimani wa hospitali ya saa 40. Ndiyo inayotakiwa na CCHI na NBCMI, taasisi mbili zinazotoa vyeti. CCHI haina mtihani wa kuzungumza kwa Kiswahili, lakini cheti chake cha CoreCHI ni cha lugha zote.

Pili, hakikisha una ruhusa ya kufanya kazi. Mwanafunzi mwenye viza ya F-1, usiguse kazi hii kabla ya kuuliza ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwako.

Tatu, uliza kabla ya kusaini. Saa moja ni dola ngapi? Nikiitwa kwa dakika 20, nalipwa saa nzima? Mgonjwa asipofika je? Mafuta ya gari nani analipa? Hela inaingia baada ya siku ngapi? Buffalo wakati wa theluji, safari yaweza kuwa ndefu kuliko kazi yenyewe. Ukijibiwa "tutaona", omba jibu kwa maandishi.

Nne, kodi. Hapa ndipo watu wengi hulia mwezi wa nne. Ukilipwa kwa fomu 1099, hakuna aliyekukata kitu. Faida yako ya mwaka ikifika dola 400, unadaiwa kodi ya kujiajiri, asilimia 15.3, mbali na kodi ya mapato. Kwa kawaida serikali haingoji mwisho wa mwaka: hulipwa mara nne, Aprili 15, Juni 15, Septemba 15 na Januari 15. Fungua akaunti ya pili benki, na kila hundi ikiingia, weka humo robo yake. Hiyo si hela yako, usiitumie hata kwa harusi ya nyumbani. Andika pia kila safari: tarehe, mahali, maili. Maili hizo hupunguza kodi. Na kama familia yako iko kwenye Medicaid, toa taarifa ya mapato mapya.

Mwisho, siri. Leo umemkalimania mama kwa daktari, Jumapili mko benchi moja kanisani. Usimuulize hali yake mbele za watu, wala usimsimulie mumeo au mkeo. Jamii zetu ni ndogo. Neno likivuja, mama huyo ataanza tena kumtumia mwanawe wa miaka kumi kumweleza daktari maradhi yake, na hilo ndilo tunalotaka likome.

Usiache kazi uliyo nayo kwanza. Anza na siku mbili kwa wiki, kisha hesabu.