Nguvu Zako Ziwe Mali Yako

Ndugu msomaji, nenda alfajiri soko la Mwaloni pale Kirumba, utawaona vijana wetu wakibeba magunia ya dagaa mabegani. Panda vilima vya Mwanza, utawakuta wengine wakiponda kokoto juani. Jioni, wale wale waliochoka mchana hufunga vitambaa mikononi wakaenda kufanya mazoezi ya ngumi, wakitumaini kuwa siku moja watakuwa mabingwa.

Matumaini hayo si ya kuchekwa. Wakiulizwa wanamfuata nani, wengi watamtaja Francis Ngannou. Basi na tuisimulie habari yake mpaka mwisho, maana wengi huiachia katikati.

Ngannou alizaliwa mwaka 1986 huko Batié, katika nchi ya Kameruni. Akiwa bado mtoto alichimba mchanga ili apate riziki. Ngumi alianza kujifunza akiwa na miaka 22. Mwaka 2012 aliondoka kwao, akavuka jangwa la Sahara hadi Moroko, akajaribu kuvuka bahari, akarudishwa, akajaribu tena. Alipofika Hispania mwaka 2013 aliwekwa kizuizini kama miezi miwili. Paris alilala mahali pa kuegeshea magari. Huko huko akafundishwa mchezo unaochanganya ngumi, mateke na mieleka, na mwaka 2015 akaanza kupigana katika kampuni ya UFC ya Marekani. Januari 2018 alishindwa na Stipe Miocic. Tarehe 27 Machi 2021 alimwangusha Miocic yule yule katika raundi ya pili, akawa bingwa wa dunia wa uzito wa juu.

Hapo ndipo watu huiachia habari. Sisi twasema hapo ndipo inapoanza.

Bingwa huyo alitaka mambo ambayo mfanyakazi yeyote angeyataka: ruhusa ya kupigana ngumi kwingineko, bima ya matibabu kwa wapiganaji, na mtu wa kuwasemea katika vikao vya kampuni. Hawakuafikiana. Januari 2023 akaondoka na kuuacha mkanda wake. Wengine walisema ana wazimu. Mwaka huo huo akafunga mkataba na kampuni ya PFL, na ndani yake akadai hata mpinzani wake awekewe kiwango cha malipo kisichopungua. Oktoba 2023 alipigana na Tyson Fury mjini Riyadh, akamwangusha katika raundi ya tatu, akashindwa kwa pointi. Machi 2024 Anthony Joshua alimpiga vibaya katika raundi ya pili. Hatufichi kwamba alishindwa. Lakini alipanda ulingoni kwa masharti aliyoyapigania mwenyewe.

Mtu atasema: huyo ni bingwa, anasikilizwa. Kijana wa Mabatini atamkatalia nani? Swali ni la haki, na jibu lake ni kwamba asikatae peke yake. Mwaka 2014 wapiganaji kadhaa waliishtaki UFC mahakamani, wakidai kuwa imeubana mchezo mkononi mwake na kupunguza malipo yao. Shauri lilichukua zaidi ya miaka kumi. Mwaka 2025 mahakama ikaidhinisha mapatano ya dola milioni 375 wagawiwe wapiganaji.

Somo hili si geni kwetu Kanda ya Ziwa. Wazee wetu walilima pamba, na mizani ilikuwa mkononi mwa mnunuzi. Walipochoka kupunjwa waliweka wapima wao wenyewe, wakaunda vyama vya ushirika, na mwaka 1955 vikaungana kuwa Victoria Federation, makao yake hapa Mwanza, Paul Bomani akiwa mbele. Mkulima mmoja mmoja alikuwa ameambiwa, "Hutaki, ondoka na pamba yako." Walipokuwa maelfu, maneno hayo hayakuwa na nguvu tena.

Ngumi ya kijana ni pamba yake, na mkataba ndio mizani. Basi yawapasa viongozi wa vilabu vyetu vya ngumi kufanya mambo matatu. Kwanza, pasiwe na kijana wa kutia sahihi karatasi asiyoielewa. Isomwe kwa Kiswahili mbele ya watu anaowaamini. Pili, iandikwe wazi meneja anachukua kiasi gani, na nani atalipia matibabu mpiganaji akiumia. Tatu, mabondia wa Mwanza wawe na umoja wao, ili atakayekataa kupunjwa asionekane mkorofi.

Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Nasi twaongeza: mwenye nguvu asiyeijua mizani yake atapishwa njiani, lakini siku ya malipo atakuwa wa mwisho.