Mwili Ukiachwa Upumzike Wenyewe



Juma lililopita, kisha kuhesabu pesa za likelemba, tulibaki tukizungumza juu ya migongo. Mmoja wetu, fundi mzuri wa kushona, alisema anataka kuacha kazi. Kabla ya saa sita kiuno kinawaka moto, na nyumbani wanamwambia ni uvivu. Sisi tunajua mama huyu si mvivu, lakini hatukuwa na neno la kumjibia.

Tumetafuta, na jibu moja limetoka mbali sana, juu ya mawingu.

Mwaka wa 1973 Wamarekani walirusha nyumba ya kuzunguka dunia, jina lake Skylab. Watu watatu watatu walikaa humo kwa zamu: wa kwanza siku 28, wa pili 59, wa mwisho 84. Ndani yake kila kitu kinaelea. Si kwamba dunia imeacha kuvuta. Nyumba na watu wake wanaanguka pamoja, wakiizunguka dunia bila kuifikia. Mtoto akikuuliza, toboa tundu karibu na chini ya bidoni kuukuu, ijaze maji, kisha uiachie kutoka juu. Wakati inaanguka, maji yanaacha kuruka tunduni. (Mfanyie nje, si ndani ya nyumba!)

Watu wale walipojilegeza kabisa, bila kushika kitu, walipigwa picha na kupimwa. Hawakunyooka kama askari. Magoti yalikunjika, mapaja yakapanda mbele, shingo ikainama kidogo, mikono ikaelea mbele ya kifua. Kati ya kiwiliwili na paja ilikuwa pembe ya digrii karibu 128. Kiti cha kawaida kinatudai 90. Tulipoona mchoro wake tulicheka: huyu ni mtoto tumboni! Sababu yake ni misuli. Ile ya mbele na ile ya nyuma inavutana kama watu wa pande mbili za kamba, na uzito ukiondoka kila upande unatulia hapo katikati.

Lililotugusa zaidi ni hili. Ili kukaa wima au kuinamia meza kama duniani, watu wale walipaswa kukaza tumbo muda wote, na walichoka. Hakuna aliyewaita wavivu. Waliopanga kazi waliandika kwamba mahali pa kazi pafuate mwili. Tena, mwaka wa 1993 walipopimwa watu wengine sita, hawakulingana wote.

Kuelea si dawa, msidanganyike. Huko juu misuli na mifupa inalegea, ndiyo maana wanaoishi huko leo wanafanya mazoezi karibu saa mbili kila siku.

Siku ya pili yake tuliingia chumba chetu cha kushonea. Aibu ilikuwa yetu: benchi fupi, magoti juu kuliko kiuno, shingo zote chini. Mashini zetu ni za mkono, basi tuliweka matofali chini ya miguu ya meza, na mito juu ya benchi mpaka kiuno kikapita magoti. Yule mrefu alihitaji mito mitatu. Fundi wetu alishona mpaka mchana, akisimama kila mara kujinyoosha. Alisema, "Kinauma bado, lakini hakiwaki."

Usiku alale ubavu, magoti yamekunjwa, kitenge kilichokunjwa katikati yake. Lakini mama ambaye mguu unakufa ganzi, au mkojo unamtoka bila kujua, asingoje mito yetu: aende hospitali siku hiyo hiyo.

Meza mbili zimebaki. Tunahitaji matofali nane. Mwenye nayo alete siku ya mkutano, na mwenye mto wa zamani asiutupe.