Msililie Gari, Lilieni Njia

Kuna ugonjwa umetuingia sisi vijana wa vyuo, nao nauita zilipendwa za magurudumu. Mtu amezaliwa baada ya mwaka 2000, hajawahi kushika usukani, lakini mkianza kuzungumza magari atakueleza kwa uchungu kwamba magari ya kweli yalikwisha zamani. Simu yake imejaa picha: Lamborghini Countach ya miaka ya 1970, Ferrari Testarossa ya 1984, Porsche 911, Datsun 240Z. Magari ya siku hizi, anasema, ni kompyuta zenye matairi. Yale ya zamani yalikuwa na roho. Kisha anafunga hoja: ya kale ni dhahabu.

Mimi napinga. Sipingi mtu kupenda chombo kilichoundwa vizuri. Naandika haya nikiwa Nathenje, kusini mwa Lilongwe, kando ya barabara kuu ya M1, ambako kutwa nzima hupita malori, minibasi, Toyota Sienta zilizosheheni abiria na baiskeli za kabaza, na mimi pia hugeuza shingo gari zuri likipita. Ninachopinga ni kumbukumbu iliyokatwa nusu: inayokumbuka gari na kusahau njia, na kusahau ni nani aliyeruhusiwa kuipita. Kwa sisi tuliokulia Dzaleka, au wenye ndugu Dzaleka, nusu iliyokatwa ndiyo iliyobeba maisha yetu.

Nianze na Countach. Kati ya baba na mama zetu waliotoka Uvira, Bukavu, Bujumbura au Kigali, ni nani aliyelipoteza gari hilo? Hakuna, maana hakuna aliyekuwa nalo. Lilikuwa picha ukutani mwa vijana wa Ulaya na Marekani, na huzuni ya kulikosa ni huzuni yao. Sisi tumeiazima kama suti ya harusi, tukaivaa, tukasahau kuirudisha. Watu wa Goma walifanya vingine. Walipotaka kuheshimu chombo cha usafiri, mji wao ulisimamishiwa sanamu ya chukudu, kile chombo cha mbao chenye magurudumu mawili kinachobeba viazi na makaa kutoka vijijini. Walikumbuka kilichowabebea chakula.

Wenye bidii watanijibu: basi yaache ya Wazungu, tuzungumze yetu, tuzungumze Safari Rally. Vizuri, tuzungumze.

Mbio hizo zilianza Mei 1953, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mashabiki wanapenda kusimulia vumbi na tope, na kwamba mwaka 1963, na tena 1968, ni magari 7 tu yaliyofika mwisho. Hawasimulii kwamba mbio zilipoanza Kenya ilikuwa chini ya hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, na kwamba katika miaka hiyohiyo Mkikuyu hakuweza kusafiri atakavyo bila kibali cha serikali. Nchi moja, wakati mmoja: huyu anapita mbio kwa kujifurahisha, yule anasimamishwa aonyeshe karatasi. Ukisema enzi zile zilikuwa tamu, sema pia zilikuwa tamu kwa nani.

Hata matokeo yenyewe hayasemi wanachotaka yaseme. Mwaka 1965 Joginder Singh, fundi magari wa Kenya, alishinda kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika na wengine kabla yake. Kwa lugha yetu, mtumba. Mwaka 1974 akashinda tena kwa Mitsubishi Lancer ndogo, na Porsche 911 ya Björn Waldegård ikawa ya pili. Mwaka 1978 Porsche ikawa ya pili tena, safari hii nyuma ya Peugeot 504. Matope hayakuuliza gari lina jina gani.

Datsun 240Z ndiyo wanayoipenda kuliko zote, kwa hiyo tuzitaje habari zake zote. Ilishinda Safari mwaka 1971, ikashinda tena 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta. Mehta alikuwa mzaliwa wa Uganda. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke nchini, na familia yake ikakimbilia Kenya. Miezi michache baadaye mtu huyu aliyeikimbia nchi yake akawashinda wote, na baadaye akashinda mara 4 mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982. Picha ya gari lake mnayo kwenye simu. Habari ya kukimbia kwake, je, mnayo? Kweli, alitoka katika familia tajiri, hakulala kwenye hema. Lakini mpaka ulimpitisha, na upande wa pili aliachwa aendeshe. Angeamriwa akae mahali pamoja asitoke bila ruhusa, ile 240Z ingekuwa bati lililopakwa rangi.

Njia nazo zikafungwa. Mwaka 1974 maneno "Afrika Mashariki" yakaondolewa katika jina la mbio. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya hadi 1983. Kama kuna cha kulilia katika miaka hiyo, ni hicho.

Sasa tuje kwetu. Dzaleka ilikuwa gereza kabla ya kufanywa kambi mwaka 1994. Iliandaliwa kwa watu wasiozidi 12,000. Leo wamo zaidi ya 50,000. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 ilijiwekea masharti juu ya baadhi ya vifungu, kikiwamo cha uhuru wa kutembea. Mwaka 2023 serikali ikaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara nje ya kambi warudi ndani. Kutoka Dzaleka hadi Lilongwe hakufiki kilomita 60. Kijana anayeweza kukutajia kasi ya Testarossa hana hakika kama atafika mjini na kurudi bila kuulizwa karatasi. Halafu jioni anatuambia kinachomsikitisha ni kwamba Ferrari haziungurumi tena kama zamani.

Nimeambiwa: "Ndugu, tuachie ndoto, ndoto hailipiwi." Jibu langu ni kwamba tunailipia kwa muda na kwa maneno. Jioni nzima tunabishana injini ipi ilikuwa na mitungi 12, na hakuna aliyewahi kuandika baba yake alitoka Fizi kwa chombo gani, alivukaje Ziwa Tanganyika, alipanda lori la nani kutoka Kigoma, alilipa nini hadi akaingia Karonga. Tunazijua tarehe za kiwanda cha Italia, lakini mwaka ambao mama alivuka mpaka hatuujui. Hayo ndiyo magari ya historia yetu: lori la mahindi, basi bovu, mtumbwi wa injini, baiskeli. Hayana mabango, wala hakuna tajiri atakayeyahifadhi kwenye gereji yenye kiyoyozi. Tusipoyaandika sisi, hayataandikwa.

Kwa hiyo nawaomba wahadhiri wetu watupe kazi hiyo, na waitolee alama: kila mwanafunzi aandike njia moja ya mtu mmoja, vyombo alivyopanda, mipaka aliyovuka, na mahali aliposimamishwa. Majina ya watu yafichwe, ya miji yatajwe. Nanyi wenzangu, zibakizeni picha zenu, sijaja kuzifuta. Countach haina haraka, imefunikwa vizuri, imepakwa nta. Mzee anayeijua njia ya kutoka Fizi hadi Karonga ana haraka. Mkaribieni wiki hii, na swali la kwanza lisiwe gari lilikuwa aina gani. Mwulizeni lilimpeleka hadi wapi, na ni nani aliyelisimamisha.