Je, Machozi ya Washairi Ni Bure?



Siku hizi, toka parokia zetu za ziwa Mweru mpaka Lubumbashi, vijana wamependa sana mashairi ya kusemwa, yale wanayoyaita slamu. Kijana husimama mbele ya watu, bila ngoma wala kinanda, akausema uchungu wake kwa maneno aliyoyapanga, na watu wakafuta macho. Basi wako wazee wenye heshima, na waalimu wa dini wenzangu pia, wasemao: "Hayo si mashairi, ni kulizana tu. Machozi hayamjengi mtu." Neno hilo nalipinga. Nitalipinga kwa kutazama kitabu kimoja ambacho kimewaliza watu wengi duniani, ili tupime kama machozi hayo yana faida au hayana.

Mwenye kitabu hicho ni Warsan Shire. Alizaliwa Kenya mwaka 1988, wazazi wake ni Wasomali. Akapelekwa Uingereza angali mtoto mchanga, akakulia London. Mwaka 2011 alitoa kijitabu kidogo. Mwaka 2013 alichaguliwa kuwa wa kwanza kushika cheo cha mshairi kijana wa mji wa London. Mwaka 2016 Beyoncé, mwimbaji wa Marekani, alitumia maneno yake katika filamu ya nyimbo zake iitwayo Lemonade. Lakini kitabu chake kamili cha kwanza kilitoka mwaka 2022: Bless the Daughter Raised by a Voice in Her Head, ndiyo kusema, abarikiwe binti aliyelelewa na sauti iliyo kichwani mwake. Humo anasema habari za mama zetu na binti zao, vita, kukimbia kwao, miili iliyoumizwa, na upweke wa ugenini. Mtu huyu si Mkatoliki, ni mtoto wa nyumba ya Kiislamu. Hata hivyo jina la kitabu chake ni ombi la baraka, na mwenye kuomba baraka bado hajakata tamaa.

Rafiki zake husema: anatugusa moyo. Adui zake husema vilevile: anagusa moyo tu. Basi tuyatazame mashtaka moja moja.

Shtaka la kwanza ni kwamba kilio hakina ufundi: hakuna vina, hakuna mizani, kila mwenye uchungu aweza kulia. Wasemao hivi wamesahau walikotoka. Nani asiyejua kwamba katika misiba yetu si kila mama awezaye kuongoza maombolezo? Huitwa yule ajuaye ukoo wa marehemu, majina ya babu zake, safari zake na kazi za mikono yake. Waluba wana kasala, na msemaji wa kasala hujifunza miaka mingi. Na tufungue Maandiko Matakatifu. Kitabu cha Maombolezo, alichopewa Yeremia na mapokeo, kinalia juu ya mji wa Yerusalemu ulioharibiwa. Lakini karibu sura zake zote zimepangwa kwa kufuata herufi 22 za Kiebrania, moja baada ya moja. Mtu aliyeona watoto wakifa kwa njaa njiani aliketi akahesabu herufi. Je, tumwambie kwamba alikuwa akilizana tu?

Ufundi wa Shire nao upo. Hasemi "wakimbizi" kama redio inavyosema, kundi moja lisilo na uso. Anamtaja mama huyu, chumba hiki, bahari hii. Iko tofauti kati ya kulia na kuliza watu kwa hila. Mwenye hila hutumia maneno makubwa: mateso, maumivu, giza la dunia, na msikilizaji hulia bila kujua amemlilia nani. Mwenye kulia kweli hutaja kitu kidogo alichokiona, nawe huwezi tena kusema hukukiona. Shairi lake lijulikanalo kuliko yote, lile la nyumbani, lilianza kama maandishi ya mwaka 2009. Alikuwa amekwenda Roma, akaingia katika ubalozi wa Somalia ulioachwa tupu, ambamo vijana wakimbizi walikuwa wakilala. Usiku uliotangulia, kijana mmoja wa Kisomali alikuwa ameruka kutoka juu ya paa akafa. Basi shairi halikutoka katika kitabu kingine. Lilitoka katika nyumba ile. Huo ndio ufundi wa kwanza wa mshairi: kwenda kuona kabla ya kusema.

Shtaka la pili ni zito zaidi. Wasema: binti huyu anatoa siri za nyumba. Anasema mambo ya mwili, ya kutahiriwa kwa wasichana, ya ndoa zenye uchungu. Mtoto mwenye adabu humfunika mama yake. Hapa nakubali sehemu moja. Si kila shairi la kitabu hicho lafaa kusomwa mbele ya watoto wa komunyo ya kwanza, na mwalimu asiyechagua si mwalimu. Lakini sikubali kwamba kunyamaza ndiyo adabu. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Tuulize tu: ukimya humfunika nani? Mara nyingi haumfuniki aliyeumizwa, humfunika aliyeumiza.

Katika kitabu hicho limo shairi juu ya Victoria Climbié, mtoto mwanamke kutoka Côte d'Ivoire. Alipelekwa Ulaya na ndugu ya baba yake ili apate shule. Alikufa London mwezi wa Februari 2000, umri wake miaka 8, kwa mateso ya wale waliomtunza. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2003 ulionyesha kwamba mara 12 wenye kazi ya kulinda watoto walipata nafasi ya kumwokoa, wala hawakumwokoa. Alionwa na wauguzi, na polisi, na watu wa ibada. Ripoti ile ilisomwa na wakubwa, na sheria zikabadilishwa. Hilo lilikuwa jema. Lakini ni nani amwekeaye mtoto yule mahali pa kupumzika katika mioyo ya watu wasiosoma ripoti? Mshairi ndiye aliyefanya hivyo. Hakumvua mtoto heshima, alimrudishia. Na sisi wa Kongo, tunaompeleka mtoto mjini kwa shangazi ili asome, wala hatumtembelei miaka mitatu, tusiseme kwamba habari hiyo ni ya Wazungu.

Sasa nakuja kwa shtaka la tatu, na hapa sibishani na wale wanaoyachukia machozi, bali na wale wanaoyapenda mno. Mwezi wa Septemba 2015 maiti ya Alan Kurdi, mtoto mdogo wa Siria, ilitupwa na maji pwani ya Uturuki, na picha yake ikaenea duniani kote. Siku zile shairi la nyumbani la Warsan Shire lilisomwa mahali pengi Ulaya, na watu wakalia. Mwezi wa Machi 2016, miezi sita tu baadaye, serikali za Ulaya zilipatana na Uturuki kwamba wanaovuka bahari kufika visiwa vya Ugiriki warudishwe. Machozi yalikuwa yamekwisha kukauka.

Mtakatifu Augustino aliijua hila hii ya moyo. Katika Maungamo yake asimulia jinsi alivyokuwa mwanafunzi akamlilia malkia Dido, mtu wa hadithi, huku hakujililia mwenyewe aliyekuwa akifa mbali na Mungu. Tena anashangaa juu ya watu waendao kutazama michezo ya huzuni: wanapenda kuhuzunishwa, wanaifurahia huzuni yao, lakini hakuna anayeondoka kitini kwenda kumsaidia mtu. Hayo ndiyo machozi ya bure. Mtu hulia, akajiona mwema, akalala vizuri.

Basi, wasemao "machozi ni bure" wameshinda? Hata kidogo. Kengele ya misioni haizimi moto. Ikipigwa usiku nyumba inaungua, nao watu wakageuka upande wa pili wakalala, je, asubuhi tutaivunja kengele? Tutawaonya waliolala. Bwana wetu alipokuwa akienda kaburini kwa Lazaro alilia mbele ya watu wote, wala hakuona haya. Kisha aliwaamuru waliokuwa karibu waondoe jiwe. Angeweza kuliondoa kwa neno moja. Aliwaachia wao kazi hiyo. Machozi yalitangulia, jiwe likafuata. Asiyelia hataona sababu ya kuligusa jiwe. Na aliyelia akaliacha jiwe mahali pake, huyo ndiye wa kulaumiwa, si shairi.

Kwa nini nayasema haya katika jimbo la Kilwa-Kasenga? Kwa sababu habari ya kukimbia si habari ya Somalia peke yake. Mwezi wa Desemba 2000, Pweto ilipotekwa, maelfu ya watu walivuka mpaka kuingia Zambia, na wengi wakaishi miaka katika makambi ya Mwange na Kala. Mwaka 2017 watu wa kwetu walivuka tena, na Januari 2018 kambi ya Mantapala ikafunguliwa kwa ajili yao huko Nchelenge, ng'ambo ya ziwa. Na hapa Kilwa, mwezi wa Oktoba 2004, baada ya waasi wachache kuuteka mji na askari wa serikali kuurudisha, watu zaidi ya 70 waliuawa. Mwaka 2007 mahakama ya kijeshi ilisema kwamba waliokufa walikufa katika mapigano. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu iliamua vingine, ikaagiza walioumizwa walipwe fidia. Uamuzi huo ulitangazwa mwaka 2017.

Maneno hayo yote yameandikwa kwa Kifaransa na Kiingereza, katika karatasi za wanasheria. Ni kazi njema, tuwashukuru. Lakini mtoto aliyezaliwa Kilwa mwaka 2005 amesikia nini kwa lugha anayoombea? Msichana wa Kisomali amewafanya watu wa London na New York wamlilie shangazi yake. Sisi tunawakataza vijana wetu wasiwalilie shangazi zao, ati machozi hayajengi!

Kwa hiyo nashauri mambo matatu kwa wazee, mapadri na waalimu wenzangu. Kwanza, tuwape vijana ukumbi, nao waseme kwa Kiswahili, kwa Kibemba, kwa lugha za mama zao. Lakini kijana asiseme msiba asioujua. Aende kwanza kwa bibi aliyevuka ziwa, amwulize, amsikilize, naye apate ruhusa yake, maana uchungu wa mtu ni mali yake. Pili, tarehe 2 Novemba, tunapowakumbuka marehemu wote, majina ya waliokufa katika vita vyetu yasomwe moja moja, si kwa jumla. Tatu, pasiwe na jioni ya mashairi ya uchungu bila kikapu kupitishwa kwa ajili ya wajane na wakimbizi walio karibu nasi. Aliyelia atoe hata kibaba cha unga. Asiye na unga akatengeneze paa la mjane.

Tukifanya hivyo, wazee wangu, hamtauliza tena kama machozi ya vijana yana faida. Mtaliona jiwe likisogea.